Tarehe ya Shahada za Kununua

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu hadi Kilwa, na kuvuka bahari mpaka Unguja na Ngazija, mtu aliyedai kuwa ana elimu hakuombwa karatasi kwanza, bali aliulizwa amesoma kwa nani, amesoma vitabu gani, na amekaa kwa mwalimu wake muda gani. Na jawabu lake, likitolewa barazani mbele ya watu waliowajua maulamaa kwa majina na kwa nasaba zao, lilikuwa halina pa kujificha likiwa la uongo. Hata ijaza, ile hati ambayo shekhe humwandikia mwanafunzi kumruhusu kuyafundisha aliyoyasoma kwake, haikuwa karatasi ya kusimama peke yake: ilitaja jina la mwalimu, na jina la mwalimu wa mwalimu, ikapanda hivyo daraja baada ya daraja mpaka kwa mtunzi wa kitabu chenyewe, hata kila aliyeisoma akaweza kuiandama silsila ile na kuuliza. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860, na Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na baadaye akawa kadhi wa Unguja, walisafiri mpaka Hadhramaut na Hijazi kwenda kukaa mbele ya walimu ambao sifa zao zilikuwa zimekwisha kufika huku kwetu; na waliporejea wakafundisha mpaka wakafariki wote wawili mwaka 1925, wala hapakuwa na mwanafunzi wao aliyehitaji kutazama muhuri ndipo aamini.

Sisemi kwamba zama zile hazikuwa na wazushi, kwani tamaa ya cheo ni kongwe kuliko wino. Nasema tu kwamba elimu na mwenye kuishuhudia vilikuwa havijatengana. Biashara ya shahada za kununua, ambayo leo inazitia aibu serikali na vyuo katika mabara yote, ilizaliwa pale karatasi ilipoanza kusafiri peke yake, ikawafikia watu wasiomjua aliyeitoa na wasiojitaabisha kumuuliza. Na mwenye kuifuatilia tarehe ya biashara hiyo tangu karne ya 18 ataona kwamba aghalabu haikustawi kwa ufundi wa waghushi, bali kwa ulegevu wa sheria na uvivu wa wale waliopaswa kuuliza.

La kustaajabisha ni kwamba miongoni mwa wauzaji wa mwanzo vilikuwamo vyuo vikuu vya kale na vya halali. Huko Scotland, katika karne hiyo ya 18, vyuo vya St Andrews na Aberdeen vilikuwa na desturi ya kumpa shahada ya udaktari wa tiba mtu ambaye hakupata kukanyaga kizingiti cha madarasa yao, mradi alete barua za matabibu wawili wa kumsifu, na alipe ada iliyowekwa. Mwaka 1775 chuo cha St Andrews kilimpa shahada hiyo Jean-Paul Marat, aliyekuwa akifanya utabibu Uingereza, naye ndiye yule aliyekuja kuuawa Paris miaka 18 baadaye akiwa mmoja wa vinara wa mapinduzi ya Ufaransa. Matabibu wa Edinburgh, ambao chuo cha mji wao kilikuwa kikifundisha kweli na kuwatahini wanafunzi kweli, hawakupendezwa kuona shahada yao inalinganishwa na ile iliyopelekwa kwa posta, wakataka iamriwe kwamba asikubaliwe mtu kutahiniwa ili apewe shahada ya tiba ila yule aliyethibitisha kuwa amesoma chuoni kwa muda maalumu. Adam Smith, yule mwanachuoni mashuhuri wa elimu ya uchumi, alitakiwa rai, na katika Septemba 1774 akamwandikia rafiki yake tabibu William Cullen barua ndefu ya kulipinga ombi hilo.

Smith hakuwatetea wauzaji, maana aliona wazi kuwa tendo lao ni duni; bali alihoji kwamba shahada, hata ile ya chuo kizuri, si dhamana kubwa ya akili wala ya maarifa ya mwenye nayo, na kwamba vyuo vichache vikipewa haki ya pekee ya kutoa shahada vitapandisha ada na kulegeza mafundisho, na mwishowe mgonjwa ndiye atakayelipa. Hoja hii tutakutana nayo tena mbele. Waingereza wenyewe walikuja kushika njia ya kati: Sheria ya Matabibu ya mwaka 1858 iliunda baraza la kuwasimamia matabibu wa nchi nzima, na daftari moja la majina yao lililochapishwa ili kila mtu apate kutazama kama anayejiita tabibu ameandikwa humo au hakuandikwa. Tangu hapo karatasi iliyotundikwa ukutani ikawa si hoja ya mwisho, kwani palikuwa na mahali pa kwenda kuuliza.

Lakini makazi ya kweli ya biashara hii yalikuwa Marekani, na sababu yake ni nyepesi kuieleza. Katika nchi ile, mamlaka ya kutoa hati za kuanzisha vyuo yalikuwa mikononi mwa mabunge ya majimbo, na katika karne ya 19 mabunge hayo yalizitoa hati hizo kwa ukarimu mkubwa, bila ya kutazama kama mwombaji ana walimu, ana vitabu, au ana hata jengo. Katika mji wa Philadelphia kilikuwako chuo cha tiba kilichoitwa Eclectic Medical College of Pennsylvania, ambacho kilipata hati yake kwa njia ya sheria, na ambacho mkuu wake, John Buchanan, alitambua kwamba kumfundisha mwanafunzi ni gharama na kumuuzia shahada ni faida. Akauza shahada za tiba kwa maelfu, akawauzia watu wa Marekani na watu wa ng'ambo, mpaka serikali za Ulaya zikanung'unika; na alipoulizwa aliweza kuonyesha hati ya bunge na muhuri usio na kasoro, kwa kuwa hakughushi muhuri wa mtu mwingine, bali muhuri ulikuwa wake mwenyewe.

Aliyemfichua hakuwa serikali, bali gazeti. Mhariri wa gazeti la Philadelphia Record, John Norris, alijinunulia shahada kadhaa kwa majina ya kubuni, akakusanya ushahidi wa kutosha, na katika Juni 1880 Buchanan akatiwa mbaroni. Akaachiwa kwa dhamana. Na Agosti ya mwaka huo ikatangazwa kwamba amejitupa kutoka katika kivuko akafa maji katika mto Delaware. Watu walikuwa wangali wakimsemea marehemu yaliyo mema na yaliyo mabaya, mara akaonekana katika jimbo la Michigan, mzima wa afya, akarudishwa Philadelphia akafungwa, na chuo chake kikafutiwa hati. Mtu aliyeuza shahada za uongo za kuponya wagonjwa alimaliza biashara yake kwa kujaribu kuuza kifo cha uongo, na chote alichohitaji ili kuifanya ile ya kwanza kwa miaka mingi kilikuwa ni sheria ambayo hakuna aliyeilinda.

Marekani ilijifunza, lakini kwa taratibu. Mwaka 1910 Abraham Flexner, aliyetumwa na wakfu wa Carnegie, alitoa taarifa yake juu ya vyuo 155 vya tiba vya Marekani na Kanada alivyovizuru kimoja kimoja, akaeleza bila ya kuficha jinsi vingi vilivyokosa maabara, hospitali za kufundishia, na hata walimu wa kudumu. Na baada ya taarifa hiyo vyuo vingi vikafunga milango. Hapana shaka kuwa wagonjwa walinusurika na matabibu wabovu. Walakini hapo ndipo hoja ya Adam Smith iliporejea kudai haki yake: kati ya vyuo saba vya tiba vya watu weusi vilivyokuwapo wakati ule, Flexner alipendekeza viwili tu vibaki, Howard na Meharry, na vingine vyote vikafa katika miaka iliyofuata, hata kijana mweusi aliyetaka utabibu akaona milango ya kwao imebaki miwili katika nchi kubwa kama ile. Uovu wa wauza shahada uliwapa wenye nguvu sababu ya kufunga, na walipofunga hawakuwafungia waongo peke yao.

Wala waongo wenyewe hawakwisha. Mwaka 1923 mwandishi mmoja wa gazeti la St. Louis Star alijifanya mnunuzi, akalifichua shirika lililokuwa likiuza shahada za tiba na majibu ya mitihani katika mji wa Kansas City, na ambalo wateja wake walipata leseni katika majimbo kama Connecticut na Arkansas, ambako mabaraza ya kutoa leseni hayakuwa na desturi ya kuuliza sana. Miongoni mwa waliokuwa na shahada ya aina hiyo alikuwa John R. Brinkley, aliyeipata kwa chuo kimoja cha Kansas City mwaka 1915, akafungua hospitali katika mji mdogo wa Milford, jimbo la Kansas, na kujipatia utajiri mkubwa kwa kuwapasua wanaume na kuwatia tezi za mbuzi kwa ahadi ya kuwarudishia nguvu za ujana. Brinkley alikuwa na kituo chake mwenyewe cha redio cha kujitangazia, na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baraza la matabibu la Kansas lilimnyang'anya leseni mwaka 1930, na mwaka huo huo akagombea ugavana, akapata kura nyingi mno kwa mtu wa sifa kama zake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili biashara ikahamia zaidi katika posta. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi vitani ilimimina fedha za serikali katika masomo, na panapomiminwa fedha za serikali hapakosi wa kukinga ndoo. Zikachipuka shule zilizokuwa na anwani na matangazo bila ya kuwa na mafundisho. Shirika la upelelezi la FBI liliendesha msako wa makusudi juu ya vyuo hivi kati ya mwaka 1980 na 1991, likiongozwa na mpelelezi Allen Ezell, na makumi ya vyuo bandia yakavunjwa. Mwaka 1985 mbunge mzee Claude Pepper, aliyekuwa akisimamia uchunguzi wa bunge juu ya jambo hili, aliwaagiza wasaidizi wake wamnunulie shahada ya udaktari wa falsafa, nayo ikaja kwa posta, ili wabunge wenzake waone kwa macho yao jinsi elimu ya miaka mingi ilivyogeuzwa kuwa bahasha moja.

Ndipo ikaja intaneti, na Afrika ikaingizwa katika tarehe hii kwa mlango usiopendeza. Kuanzia mwaka 1999 katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, mwanamke mmoja aitwaye Dixie Randock na mumewe Steven waliendesha kiwanda cha shahada kilichojulikana zaidi kwa jina la Saint Regis University, na kwa kuwa hakuna chombo cha ithibati cha Marekani ambacho kingekiri kuwatambua, walitangaza kwamba chuo chao kimetambuliwa na serikali ya Liberia. Liberia ilikuwa imechoka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadhi ya maofisa wake wa kibalozi walihongwa ili, mtu akipiga simu au akiandika barua kuuliza, ajibiwe kwamba naam, chuo hicho ni halali. Serikali ya Marekani ilivamia ofisi zao mwaka 2005, ikabainika kwamba walikwisha kuwauzia watu zaidi ya 9,000 katika nchi 131, na mwaka 2008 wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Nataka msomaji alitafakari tukio hili, kwa kuwa ni la kutisha kuliko la Philadelphia: Buchanan alitegemea kwamba hakuna atakayeuliza, lakini hawa walikwenda mbele zaidi, wakamnunua mwenye kuulizwa. Na hasara haikumwangukia ofisa aliyekula rushwa. Ilimwangukia mwanafunzi wa kweli wa Monrovia, ambaye baada ya hapo, akipeleka shahada yake ng'ambo, ilimbidi kwanza aitakase nchi yake ndipo aeleze masomo yake.

Miaka michache baadaye ikafichuliwa kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, ambayo gazeti la New York Times katika Mei 2015 lilieleza jinsi ilivyokuwa ikiendesha tovuti nyingi mno za vyuo na shule zisizokuwapo, zenye picha za maprofesa wasiopata kufundisha, na wauzaji wa simu waliofanya kazi usiku na mchana kuwatafuta wanunuzi hadi Marekani na nchi za Ghuba. Ofisa mmoja wa kampuni hiyo alikiri kosa mbele ya mahakama ya New York, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miezi 21.

Huku kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Cheti cha shule, kwa maana yake ya leo, kilikuja na serikali ya kikoloni. Majibu ya mtihani wa Cambridge yalisafirishwa kwa meli mpaka Uingereza kwenda kusahihishwa, na waliofaulu walikuwa wachache hata wakajulikana kwa majina katika wilaya zao. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ili wahitimu wake wapate shahada za London. Kisha mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vyake Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, kikadumu mpaka kila nchi iliposhika njia yake mwaka 1970. Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la pamoja mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Katika muda wote huo serikali ilirithi kwa wakoloni kanuni moja isiyobadilika: daraja la mtumishi na mshahara wake vilipimwa kwa cheti alichokuja nacho siku ya kuajiriwa, wala si kwa kazi aliyoionyesha baadaye.

Walikuwapo walioiona hatari ya kanuni hiyo mapema. Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea aliyoitoa mwaka 1967, alilalamikia elimu inayowafanya vijana waione shule kuwa ni ngazi ya kuwaepusha na jembe, na inayompima mtu kwa mtihani wa vitabuni tu. Na mwaka 1976 msomi wa Kiingereza Ronald Dore alichapa kitabu kizima juu ya maradhi ya kupenda vyeti, akaitaja Kenya miongoni mwa nchi alizozichunguza, akaonyesha kwamba nchi iliyochelewa kupata maendeleo ndiyo inayokimbilia zaidi kuajiri kwa karatasi. Karatasi ikishakuwa ndiyo mshahara, mwenye kuikosa ataitafuta kwa kila njia, na hapo sheria inapambana na tumbo.

Ndiyo maana udanganyifu wa kwetu haukuhitaji kuanzisha chuo cha uongo. Wengine walighushi cheti cha baraza la kweli, wakaazima nambari ya mtahiniwa na kubadili alama. Wengine walichukua cheti halisi cha ndugu, rafiki au jirani aliyefaulu, kwa kuazimwa au kwa kununua, wakaajiriwa kwa jina lake, hata mtu akawa na majina mawili: moja aliloitwa ofisini mpaka karibu na kustaafu, na moja alilopewa na wazazi wake, ambalo lilisikika nyumbani na misibani tu. Wakubwa wa kazi waliviona vyeti hivyo, wakavitia katika mafaili, wala havikuulizwa kwa aliyevitoa. Na hivyo miaka ikapita.

Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri Angela Kairuki alimkabidhi Rais John Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na nchi nzima ikasikia kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti 1,538 vilikutwa vinatumiwa na watumishi 3,076, yaani karatasi moja ikiwalisha watu wawili, na watumishi 11,596 walikuwa na vyeti pungufu. Wenye vyeti vya kughushi walipewa mpaka tarehe 15 Mei waondoke wenyewe, na atakayebaki afikishwe mahakamani, ambako kifungo chaweza kufika miaka saba. Njia iliyotumika kuwapata haikuwa ya kimuujiza: majina na nambari zilipelekwa kwa Baraza la Mitihani, likatazama madaftari yake, likajibu. Swali lililoweza kuulizwa siku ya kuajiriwa liliulizwa baada ya miaka kumi, ishirini, au zaidi.

Kuchelewa huko ndiko kulikozaa uchungu. Katika orodha ile walikuwamo wauguzi na walimu waliofanya kazi zao kwa miaka mingi, na zahanati na shule za vijijini zikajikuta zimepungukiwa na watu kwa siku moja. Wako waliokata rufaa, na baadhi yao ikaonekana walionewa. Watumishi wa darasa la saba nao waliingia katika msukosuko, kwa kuwa sharti la kidato cha nne lilikuwa limewekwa mwaka 2004, na ikabidi serikali iwarudishe kazini wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei ya mwaka huo. Wananchi nao walinong'ona kwamba uhakiki haukuwagusa mawaziri na wakuu wa mikoa na wilaya, nao wakajibiwa kwamba hao ni viongozi wa kisiasa, ambao sharti lao ni kujua kusoma na kuandika. Jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria, ila halikumtuliza mfagiaji aliyeondolewa. Mei Mosi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba walioondolewa warudishiwe michango yao wenyewe waliyokuwa wakikatwa katika mishahara kwa ajili ya mifuko ya pensheni, na wengi waliona kuwa hiyo ni haki iliyokaa mahali pake, kwani kosa la cheti halikufanya jasho lao kuwa la uongo.

Jirani zetu wa Kenya hawakusalimika. Katika Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki uliofanywa katika idara na mashirika ya serikali umefichua zaidi ya watu 2,000 walioingia kazini au kupandishwa vyeo kwa vyeti vya kughushi, na kabla ya hapo, katika uchaguzi wa mwaka 2022, shahada za baadhi ya wagombea zilibishaniwa mpaka mahakamani.

Yafaa sasa tutazame ni nani hasa anayedhulumiwa. Watu husema kwamba anayedhulumiwa ni mwajiri, au mgonjwa, au mwanafunzi aliyefundishwa na asiyejua. Na hayo ni kweli. Lakini dhuluma iliyo pana zaidi ni ile anayotendewa mwenye shahada ya halali. Katika soko la nafaka, muuzaji mmoja akijulikana kuwa pishi yake imetobolewa na kuzibwa, kesho yake kila mnunuzi huja na pishi yake mwenyewe, na muuzaji mwaminifu, ambaye hakupata kumpunja mtu, hupimiwa upya mbele ya watu kana kwamba naye ni mwizi. Ndivyo ilivyo kwa mhitimu wa kweli: hulipa ada ya kuthibitishiwa cheti ambacho alikwisha kukilipia kwa miaka ya kukesha, husubiri barua ipelekwe chuoni na irudi, akiwa amesoma nje ya Tanzania, huipeleka shahada yake kwa Tume ya Vyuo Vikuu itambuliwe, na akifika mbele ya mwajiri hupewa mtihani mwingine, kwa kuwa mwajiri hataki tena kuamini mitihani ya wengine.

Na shaka hiyo haigawanywi kwa usawa. Mhitimu wa chuo maarufu cha London au Chicago haulizwi sana, kwa sababu jina la chuo humtetea. Anayeulizwa ni yule wa chuo kichanga cha mkoani, au wa nchi iliyotoka vitani, ambaye amesoma kwa taabu kubwa kuliko yule wa kwanza. Hivyo shahada ya uongo, ambayo wanaoinunua hujidanganya kuwa inampunguzia maskini pengo kati yake na tajiri, kwa hakika hulipanua pengo hilo, kwa kuwa inawapokonya maskini kitu kimoja walichokuwa nacho, nacho ni neno la chuo chao.

Kwa hivyo tarehe hii, tangu St Andrews mpaka Dodoma, inatupa hukumu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kwamba kufunga milango ya elimu kwa hofu ya waongo ni dawa inayomdhuru asiye na kosa, kama ilivyowadhuru vijana weusi wa Marekani baada ya mwaka 1910. Ya pili ni kwamba kuuliza mapema hakumdhuru ila mwongo, na gharama yake ni ndogo: barua moja kwa chuo au kwa baraza la mitihani, iliyoandikwa kabla ya mtu kukabidhiwa dawa za wagonjwa au watoto wa watu, na ijibiwe na ofisa asiyenunulika. Wakuu wa idara na wenye mashirika, msitie cheti chochote katika faili kabla hamjapata jawabu la aliyekitoa. Mabaraza na vyuo, wekeni madaftari yenu wazi na mjibu kwa siku chache, tena bila ya kumtoza mhitimu mnyonge ada ya uaminifu ambao ni wajibu wenu. Nanyi wazazi, msimnunulie mtoto cheti alichokikosa, kwani siku kitakapoulizwa ataondolewa kazini yeye, wala hamtaondolewa ninyi.